Kondishena na Dawa ya Nywele: Vitu Viwili, Majina Mawili

Shangazi yangu wa Singida Mjini aliwahi kununua kopo lililoandikwa "dawa ya kulainisha nywele". Alidhani ni kitu cha kupaka baada ya kuosha nywele, akakaa nacho kichwani huku akipeta mtama. Alipokisuuza, ngozi ilikuwa imeungua na nywele za utosini zikatoka na maji. Kosa hilo, kwa maoni yangu, ni la istilahi.

Zamani haja ya istilahi haikuwapo. Pwani walipaka mafuta ya nazi, wafugaji samli, na mikoa ya kati ilikuwa na nyonyo, mmea unaostahimili ukame. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 wigi na vipodozi vya kung'arisha ngozi vilipigwa vita pamoja na nguo fupi. Katika miaka ya 1980 ikaja kalikiti. Kemikali yake watu waliiita dawa tu, na hata leo msusi akisema "kutia dawa" kila mteja anamwelewa.

Kondishena ilikuja na jina lake la kigeni. Baadhi ya wafasiri, wakilitafutia Kiswahili, waliokota neno kiyoyozi, ambalo tayari ni la mtambo wa kupoza hewa. Hivyo mwanamke wa Kiomboi au Ilongero anaelekezwa ajipake mtambo kichwani!

Tuvitazame vitu vyenyewe. Dawa nyingi za kunyoosha zina alikali kali, kama vile sodiamu haidroksaidi, inayovunja viungo vya ndani ya unywele. Sehemu iliyonyooshwa haijikunji tena mpaka zichipue nywele mpya. Kondishena haifanyi hivyo. Unywele ulioshwa huwa na chaji hasi, na kondishena ina chembe zenye chaji chanya. Hizo hunata juu ya unywele, magamba yake yakalala, kitana kikapita bila kung'oa. Kwa hiyo si mafuta, wala si dawa.

Lugha yetu ina maneno ya kale ya aina za nywele: za singa, yaani ndefu zilizonyooka, na za kipilipili. (Msomaji asiunganishe singa na Singida, mfanano wa sauti si ushahidi wa asili moja.) Mafuta ya asili ya kichwa hayashuki kwa urahisi kwenye unywele uliojiviringa, ndiyo maana kipilipili hukauka upesi, hasa katika upepo wa kiangazi cha Singida. Huhitaji kondishena nzito, nyingine ya kuachwa bila kusuuzwa. Singa hulemewa na nzito. Zipakwe nyepesi, nchani tu. Nywele zilizotiwa dawa zimekwisha dhoofika, nazo zinaihitaji kuliko zote.

Wenzangu wengine wanapendelea kirutubishi. Nalikataa: unywele uliokwisha toka nje ya ngozi hauna uhai, haurutubishwi kama shamba la alizeti. Kilainishi lingefaa kama wauza dawa wasingekwisha kulitwaa tendo la kulainisha. Isitoshe, mafundi wa mitambo wanalitumia kwa mafuta ya mashine. Tuliipokea shampuu, tuipokee na kondishena, ambayo wasusi hawaichanganyi na kitu kingine. Kopo la alikali liandikwe "dawa ya kunyoosha nywele", na chini yake, kwa herufi zisizo ndogo, dakika za kukaa nayo kichwani.