Siku abakasi ilipiga mashine ya umeme

Leo nawapeleka Tokyo, Novemba 1946. Japani ilishindwa vita mwaka mmoja tu uliopita, mji bado una magofu ya mabomu, na jeshi la Marekani ndilo linasimamia nchi. Gazeti la hao wanajeshi, Stars and Stripes, linaandaa shindano la hesabu. Upande mmoja yuko Thomas Wood, mwanajeshi wa kitengo cha fedha, na kalkuleta ya umeme. Upande wa pili ni Kiyoshi Matsuzaki, karani wa akiba za posta, na soroban, yaani abakasi ya Kijapani. Fremu ya mbao na shanga, basi.

Kujumlisha, Matsuzaki. Kutoa, Matsuzaki. Kugawanya, yeye tena, na hata yale maswali ya kuchanganya. Mashine ilishinda kuzidisha peke yake. 4-1, manze.

Soroban si ile abakasi yetu ya waya na vifuniko vya soda, ya kuhesabu moja moja. Kila kijiti kina shanga tano: ya juu ina thamani ya 5, nne za chini ni 1 kila moja. Kijiti cha kushoto kwake ni makumi, kinachofuata mamia. Sema una 8 na unataka kuongeza 7. Shanga hazitoshi, kwa hivyo unaondoa 3 na kupandisha moja kwenye makumi. 15. Ile thamani ya nafasi tuliyoimbishwa shuleni bila kuelewa, hapa unaigusa na kidole. Ukizoea kwa miaka, unaweka fremu kando na kusogeza shanga kichwani. Wajapani wanaita anzan. Utaona mtoto anachezesha vidole hewani, halafu anataja jibu.

Sasa kuna watu wanauzia wazazi masomo ya abakasi wakiahidi jiniasi. Hapo tupunguze stori. Watafiti walifuata watoto kama 200 huko Vadodara, India, kwa miaka mitatu, na matokeo yakachapishwa 2016. Waliojifunza abakasi ya kichwani waliwapita kwa hesabu wenzao waliopewa masomo ya ziada ya kawaida. Lakini uwezo wa akili kwa jumla? Haukubadilika.

Kwangu hiyo inatosha kabisa. (Niliacha chuo, kwa hivyo jiniasi siuzi.) Japani, nchi iliyotuletea Casio, bado inafundisha soroban darasa la tatu na la nne, na ni kwa sababu ya hesabu yenyewe.

Na hesabu yenyewe ndiyo tunakosa. Programu ya mkopo inakupa 3,000, urudishe 3,450 baada ya siku 30. Hiyo ni 15% kwa mwezi mmoja. Kalkuleta iko kwa simu hiyo hiyo, lakini nani huifungua saa nne usiku akiwa amekwama? Kidole huwa tayari kiko kwa "Kubali".