Namba ya Kifaa na Namba ya Orodha

Miongoni mwa istilahi zinazotupa kazi ngumu zimo zile zinazoonekana nyepesi. Mojawapo ni jina la namba ambayo kiwanda hukipa kila kifaa kimoja kimoja. Katika makala haya tunakusudia kueleza utata wake, tukichukua mfano wa Arusha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1967 ilikuwa na makao makuu yake Arusha. Ilipovunjika mwaka 1977, Kenya, Uganda na Tanzania ziliachiwa mali ya pamoja: reli, bandari, ndege, posta na simu. Usuluhishi wa Victor Umbricht, raia wa Uswisi, uliendelea hadi mkataba wa mgawanyo ulipotiwa sahihi mjini humo humo mwezi Mei, 1984. Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Funzo lake ni bayana: mali haigawanyiki wala haitunziki kabla haijatambuliwa.

Baadaye, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda (1994–2015) na Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999, zilileta chini ya Mlima Meru shughuli zinazotegemea kompyuta. Pamoja na kompyuta zikaja ruta na swichi, na pamoja na hizo mikataba ya matengenezo. Mikataba hiyo hufungwa kwa namba ya kifaa. Namba isipolingana, kifaa kibovu hakibadilishwi.

Utata unaanzia hapa. Katika majedwali ya ofisi zetu, herufi S/N huandikwa juu ya safu ya 1, 2, 3. Herufi hizo hizo zimo katika kibandiko kilicho nyuma ya ruta, zikiwa na maana nyingine kabisa. Kwa kuwa zote mbili zimefasiriwa “namba ya mfululizo”, tumewahi kuletewa orodha ambayo vifaa vyake vyote vilitambulishwa kwa 1 hadi 40. Mwandishi wake hakuwa mzembe. Istilahi ndiyo iliyompotosha.

Mafundi wa magari ya watalii hapa Arusha hawana shida hiyo. Wanajua kwamba namba ya usajili hutolewa na serikali, bali namba ya chesisi hutoka kiwandani. Ruta nayo ni vivyo hivyo: namba ya modeli ni ya vifaa maelfu, namba ya mali hubandikwa na mwenye nayo, na namba ya kiwandani ni ya kifaa kimoja tu. Tena kipande cha umeme kinachochomolewa huweza kuwa na namba yake. Inayotakiwa katika mkataba kwa kawaida ni ile ya kasha kuu.

Kwa hiyo tunapendekeza “namba ya orodha” kwa safu ya jedwali, na “namba tambulishi” kwa kifaa. Wasomaji, hasa mafundi na watunza stoo, wanaombwa watoe maoni yao, kwani wao ndio watakaoyatumia maneno haya kila siku.