Nani huzeekea Kibera, nani Kawangware

Mjaluo aliyefanya kazi Nairobi miaka thelathini akikaribia kustaafu, majirani zake wa Gatwekera humuuliza swali moja: unarudi lini ushago, yaani kijijini kwenu? Mnubi wa Makina, kijiji kingine cha Kibera hiyohiyo, haulizwi. Ushago wake ni hapohapo. Na ukivuka Barabara ya Ngong ukaelekea Kawangware, utamkuta mzee Mkikuyu ambaye hakuhamia Nairobi hata siku moja. Nairobi ndiyo iliyomfuata shambani kwao.

Huenda watatu hawa wamesomesha watoto katika shule za aina moja na kununua sukuma wiki kwa mama mboga wa aina moja. Uzee ndio huwatenganisha, na chanzo chake kiko kwenye karatasi za ardhi za tangu enzi ya mkoloni.

Kibera ilianza kama makazi ya askari. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwaandikisha karibu na Ziwa Albert wanajeshi wenye asili ya Sudani waliokuwa wamebaki baada ya gavana wao, Emin Pasha, kuondoka. Hao ndio waliokuja kuitwa Wanubi. Kikosi cha King's African Rifles kilipoundwa mwaka 1902, wengi wao walijikuta ndani yake. Kuanzia 1904 familia zao zilikaa kwenye msitu na mbuga za kusini magharibi mwa Nairobi, katika eneo la jeshi ambalo baadaye lilipimwa na kukutwa na zaidi ya ekari 4,000. Majina ya vijiji kama Kambi Muru, Kambi Lendu na Kambi Aluru bado yanaonyesha makabila walikotoka askari hao.

Badala ya pensheni, askari aliyestaafu alipata kibali cha kujenga na kulima. Ukoo wa Kinubi ulijenga nyumba pana zenye baraza, ukafuga ng'ombe, ukalima mahindi. Watoto walisoma madrasa karibu na nyumbani, wanaume wakafuata baba zao jeshini, nao wanawake wakasuka vyombo vya ukili na kukeneka pombe kali iliyojulikana mjini kote kama jini ya Kinubi. Serikali iliipiga marufuku na polisi waliisaka miaka mingi, lakini fedha zake ndizo zilizolisha nyumba nyingi na kuongeza vyumba vya kupangisha. Kusoma, kufanya kazi na kuzeeka, yote yalifanyika umbali wa kutembea kwa miguu.

Tatizo lilikuwa kibali chenyewe. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na Tume ya Ardhi ya Carter ya miaka ya 1930 ikawahesabu Wanubi kuwa wapangaji wanaokaa kwa hiari ya serikali, wawezao kuondolewa wakati wowote. Baada ya uhuru hali haikubadilika. Mitaa kama Jamhuri, Ayany, Olympic na Fort Jesus ilijengwa juu ya mashamba yao ya zamani, nao vijana wa Kinubi wakawa wanahojiwa na kamati maalum kabla ya kupewa kitambulisho. Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Babu zao waliachiwa eneo kubwa zaidi ya mara kumi na nne ya hilo.

Kawangware ina historia tofauti kabisa. Eneo la Dagoretti lilikuwa hifadhi ya Wakikuyu ndani ya wilaya ya Kiambu, na Lavington ya Wazungu ilipakana nalo upande wa mashariki. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa kupambana na Mau Mau, chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa na kuandikishwa kwa majina ya wenyewe. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa na Dagoretti ikawa sehemu ya jiji. Wakulima wa mahindi na viazi waliamka wakiwa na ardhi ya mjini yenye hati.

Walichofanya kilikuwa rahisi. Waling'oa mahindi, wakasimamisha vyumba vya mabati na mbao, wakavipangisha kwa wageni kutoka Magharibi, Ukambani na Murang'a. Kwa mzee mwenye ekari moja, safu za vyumba vya futi kumi kwa kumi zilikuwa pensheni isiyotegemea mwajiri. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 iliwapa mabinti nao haki ya kudai fungu lao, hivyo kiwanja kilichokuwa cha mtu mmoja leo hugawanywa kwa watoto na wajukuu, kila mmoja na mlango wake wa kukusanyia kodi. Karibu na kituo cha matatu nambari 46, mabati yanazidi kuyapisha maghorofa.

Wapangaji ndio wengi katika mitaa yote miwili. Wa Kawangware huamkia Lavington na Kileleshwa: mama wa kufua nguo, askari wa lango, kijana wa mjengo. Wa Kibera huteremka kwa miguu, wengine wakifuata reli, hadi Industrial Area, au hufungua kibanda cha mitumba katika soko la Toi. Soko hilo liliteketea katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na vyama vya akiba vya wachuuzi wenyewe vilikuwa miongoni mwa waliolisimamisha upya.

Ukoo wa wapangaji huja kwa zamu. Kaka mkubwa hupata chumba, mdogo wake hulala kwake akitafuta kibarua, kisha binamu huletwa kuanza darasa la kwanza. Shule za serikali zilikuwa chache na zilikaa pembezoni. Shule ya Msingi ya Olympic ilisifika kwa matokeo mazuri ya mtihani, lakini elimu ya bure ilipoanza Januari 2003 madarasa yalifurika. Mwaka huohuo watafiti wakiongozwa na James Tooley wa Chuo Kikuu cha Newcastle walihesabu shule za binafsi 76 ndani ya Kibera zenye wanafunzi zaidi ya 12,000. Nyingi zilianzishwa na wakazi wa mtaa, na mwalimu wa chekechea mara nyingi alikuwa shangazi ya mtu. Baadhi zilivunjwa Julai 2018 kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata.

Uzee wa mpangaji hupangwa kwingine. Fedha za chama hujenga nyumba ya matofali Siaya au Vihiga, na mtu akifariki mjini, mchango wa majirani hulipia gari la kumpeleka kwao. Waliofikisha miaka 70 hupata shilingi 2,000 kwa mwezi chini ya Inua Jamii. Nairobi hela hiyo hulipa kodi ya chumba kimoja na si mengi zaidi. Ushagoni hudumu zaidi kidogo.

Wapo wasiorudi. Bibi aliyebaki na wajukuu baada ya Ukimwi kuwachukua wazazi wao hana nafasi ya kustaafu. Huuza omena mlangoni hadi jioni. Wengine walizaliwa Laini Saba, kijiji kingine cha Kibera, wakaoa Laini Saba, na shamba la babu limeshagawanywa kwa ami zao wasiowajua.

Hao ndio wanaoisumbua miradi ya nyumba. Mwaka 2009 wakazi wa Soweto Mashariki, nayo ya Kibera, walipohamishiwa maghorofa ya muda ya Lang'ata kupisha ujenzi, kaya tofauti ziligawana nyumba moja, kila kaya na chumba chake, jiko na choo vikiwa vya wote. Nyumba mpya 822 zilizokabidhiwa mwaka 2016 zilikwenda kwa walioandikishwa kama kaya, yaani mtu na watoto wake. Binamu aliyelala sebuleni na shangazi mwenye genge la mboga chini ya dirisha hawakuwa kwenye orodha, na wengi wao walitafuta chumba kingine cha mabati mtaani humohumo.