Prototaipu na Mame-lugha: Ushahidi wa Lugha za Kaskazini Mashariki ya Kenya

Neno prototaipu lina asili ya Kiyunani: protos, yaani 'wa kwanza', na typos, ambalo maana yake ya awali ni pigo, kisha alama inayobaki baada ya pigo. Uhusiano huo wa maana si mgeni katika Kiswahili, kwani kuchapa ni kupiga na pia ni kutia alama; chapa ya ngamia anayeuzwa katika soko la mifugo la Garissa ni alama iliyoachwa na chuma cha moto. Prototaipu, basi, ni chapa ya kwanza ambayo nyingine zote huifuata. Maana hiyo yamfaa fundi, ambaye huunda kielelezo kwanza, kisha akatengeneza vingine kwa kukifuata. Katika isimu-historia mwendo ni kinyume: kinachopatikana kwanza ni nakala, na kielelezo hukisiwa mwishoni. Tofauti hiyo isipozingatiwa, historia ya watu wa Kaskazini Mashariki ya Kenya haiwezi kuandikwa sawasawa.

Kielelezo hicho kinachokisiwa huitwa mame-lugha, kama katika istilahi Mame-Bantu. Mwaka 1978 Bernd Heine alichapisha uchunguzi wa lugha tatu za Kikushi: Kirendile cha Marsabit, Kiboni cha misitu ya Lamu na Garissa, na Kisomali. Aliziita lugha za Sam, kutokana na neno lao la 'pua'. Kirendile husema sam. Kisomali husema san. Umbo lipi ni la kale zaidi? Jibu limo ndani ya Kisomali chenyewe. Nin ni mwanamume, lakini niman ni wanaume. Laan ni tawi, lakini laamo ni matawi. Sauti m imehifadhiwa pale inapofuatwa na irabu, na imegeuka n pale ilipokuwa mwisho wa neno. Kwa hiyo sam ndilo umbo linalokisiwa kuwa la Mame-Sam. Umbo hilo halikuandikwa popote na wazungumzaji wake. Limefikiwa kwa hoja tu.

Hoja za namna hiyo zilibadili historia. Katika makala yake ya mwaka 1960, I. M. Lewis alieleza kwamba Wasomali walianzia kaskazini, karibu na Ghuba ya Aden, wakaenea kusini kwa muda wa karne nyingi. Mwaka 1966 Herbert Lewis alipinga maelezo hayo kwa ushahidi wa lugha: jamaa wa karibu wa Kisomali, kikiwamo Kirendile, wako kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na mahali penye matawi mengi ndipo penye dalili ya shina. Heine aliendeleza hoja hiyo. Kwa maoni yake, tawi la mashariki lilifuata mto Tana hadi Bahari ya Hindi, kisha likaelekea kaskazini. Nchi iliyodhaniwa kufikiwa mwishoni ikawa karibu na chanzo. Jambo hilo halikuwa dogo kwa watu ambao, hasa tangu vita vya 1963 hadi 1967, mara nyingi wametazamwa kama wageni nchini mwao.

Hata hivyo, mame-lugha yenyewe haikudumu kama ilivyochorwa. Heine alikihesabu Kiboni kuwa ndugu wa Kisomali chote. Mwaka 1984 Christopher Ehret na Mohamed Nuuh Ali walikiweka ndani ya lahaja za Kisomali, karibu na Kigarre. Na mwaka 1994 Mauro Tosco alijenga upya mame ya Kigarre na Kiboni kama lahaja moja ya Kisomali cha kusini. Kwa mpangilio huu, Kiboni si shahidi wa kujitegemea tena kando ya Kisomali. Wazungumzaji walibaki walipokuwa. Kilichobadilika ni kielelezo kilichokisiwa na wataalamu.

Aidha, mame-lugha ni asili ya lugha, wala si nasaba ya watu. Wagarre wengi wa Mandera huzungumza Kioromo, ingawa jina lao ndilo lililopewa lahaja ya Kisomali. Waboni, ambao hujiita Aweer, walijulikana kwa uwindaji na urinaji wa asali, si kwa ufugaji wa ngamia kama Warendile, ijapokuwa lugha zao ni za jamaa moja. Vilevile koo za Darod zilivuka mto Juba katika karne ya 19 na kuelekea Tana. Habari hiyo haipingani na ukale wa lugha za Sam huko kusini, kwa sababu njia ya ukoo na asili ya lugha ni maswali mawili.

Kwa hiyo istilahi mame-lugha yafaa kutumika kwa hadhari. Neno mame hudokeza uzazi, na uzazi hudokeza urithi. Lakini umbo lenye kukisiwa haliwezi kuwa hati ya kumiliki ardhi, wala ya kumnyima mtu ardhi. Nguvu yake inategemea nakala zilizopo, na baadhi ya nakala hizo zinafifia. Wazungumzaji wa Kiboni ni wachache, na kila neno lao linalopotea kabla ya kuandikwa huifanya chapa ya kwanza kuwa ngumu zaidi kukisiwa.