Kontena (katika majaribio ya programu za mtandao wa simu)

kontena *nm.* [li-/ya-, pia i-/zi-] 1. sanduku kubwa la chuma la kusafirishia shehena kwa meli, reli au lori. 2. (kompyuta) mazingira yaliyotengwa ambamo programu huendeshwa pamoja na faili zote inazozihitaji, huku ikitumia kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta mwenyeji.

Maana ya pili imezaliwa na ya kwanza. Mwendesha kreni wa bandari ya Mombasa au Dar es Salaam hahitaji kujua kilichomo ndani ya sanduku, mradi vipimo vyake vya nje ni vile vinavyojulikana. Vivyo hivyo kompyuta yoyote yenye Docker, programu iliyotolewa mwaka 2013, hupokea kontena bila kuuliza limefungwa nini. Baadhi ya watafsiri hupendelea *chombo*. Neno hilo limekwisha kubebeshwa mengi: jahazi, kifaa, sahani, hata taasisi ya dola. Sentensi kama "chombo cha majaribio huendeshwa ndani ya chombo" haimsaidii mtu.

Kwa upatanisho, li-/ya- inafaa zaidi katika maana hii. Amri "Anzisha kontena" kwa anayetumia i-/zi- haionyeshi kama linalotakiwa ni moja au ni mengi. "Anzisha makontena" haina utata. Kitenzi cha kuambatana nalo ni *endesha*: programu huendeshwa ndani ya kontena. *Kukimbia* na *kukimbiza*, vinavyoonekana katika tafsiri za mashine, havina nafasi hapa.

Mfano wa matumizi. Osmocom, jamii ya waandishi wa programu huria za mitandao ya simu za mkononi iliyokua kutokana na kazi ya OpenBSC ya mwaka 2008, imewahi kuzijaribu programu zake kwa namna hii. Kontena moja lilibeba programu iliyojaribiwa, tuseme ile inayounganisha simu za wateja. Kontena la pili lilibeba majaribio yenyewe, na hayo yalijifanya kuwa majirani wote wa programu hiyo: kidhibiti cha minara, daftari la wateja, hata simu iliyo mkononi mwa mteja. Makontena hayo yalikutana katika mtandao wa faragha wenye anwani za IP zisizobadilika, na kila mzunguko ulianza upya bila masalia ya jana. Hakuna mawimbi ya redio yanayorushwa, kwa hiyo hapahitajiki kibali cha masafa. Majaribio huandikwa kwa TTCN-3, lugha iliyosanifiwa na taasisi ya ETSI mahsusi kwa kupima mawasiliano baina ya mifumo, na huendeshwa kwa Titan, zana iliyoanzia Ericsson.

Jaribio, mtihani. *Mtihani* humhusu mtahiniwa. Programu haitahiniwi, hujaribiwa. Hata hivyo *jaribio* nalo lina mtego wake, na katika fani ya simu mtego huo ni mkali. Mitandao huhesabu mara ambazo wateja wamejaribu kupiga simu, iwapo walipata au hawakupata. "Majaribio 40 ya kupiga simu" yaweza kuwa hesabu hiyo, au yaweza kuwa vipimo 40 vilivyoandikwa na mhandisi. Kwa maana ya kwanza ni salama kuandika "mara 40 za kujaribu kupiga simu"; kwa ya pili, "visa 40 vya majaribio ya upigaji simu".

Hukumu. Hapa ndipo mtafsiri huweza kumpotosha msomaji pasipo kukosea sarufi. TTCN-3 haina hukumu mbili bali tano: *haijatolewa*, *imefaulu*, *haikuamulika*, *imeshindwa* na *hitilafu*. Hukumu huweza kushuka tu, haipandi: kisa kilichokwisha kushindwa hakiwezi kufaulu baadaye. *Hitilafu* hutolewa na mfumo unaoendesha majaribio peke yake. Mwandishi wa jaribio haruhusiwi kuitoa. Ripoti ikizikunja zote kuwa "imefaulu" na "imefeli", hasara yake huonekana penye makontena zaidi ya penginepo. Chukua jaribio lililoanza kabla programu iliyo katika kontena la jirani haijamaliza kuwaka. Likiandikwa kwa uangalifu, litatoa *haikuamulika*, kwa kuwa swali lenyewe halikupata kuulizwa. Ripoti ikisema "imeshindwa", mwandishi wa programu ataitafuta kasoro ambayo haipo, na aliyesahau kuweka subira ya sekunde chache hatajua kwamba anatafutwa yeye. *Haikuamulika* ni neno refu, lakini halimsingizii mtu.

Kontena, mashine pepe. Maneno haya si visawe, na maelezo ya "kompyuta ndogo ndani ya kompyuta" ni ya *mashine pepe* tu, kwa kuwa hiyo ina kiini chake yenyewe. Kontena huazima. Itifaki ya SCTP, inayobeba ujumbe wa uratibu baina ya sehemu nyingi za mtandao wa simu, hutekelezwa kwa kawaida ndani ya kiini cha Linux. Moduli yake isipopatikana kwenye kompyuta mwenyeji, hakuna kontena litakaloweza kuitumia, hata liwe limepangwa vizuri namna gani. Na kinachojaribiwa kikiwa ni sehemu ya kiini chenyewe, kwa mfano msimbo wa GTP unaopitisha data za wateja, kontena halitoshi: mashine pepe huhitajika. Kwa hiyo mwongozo wa asili ukitumia maneno mawili, tafsiri nayo ibaki na mawili.

*Taz. pia:* itifaki, kiini, kompyuta mwenyeji, mfumo endeshi.