Mapanda matatu: kishikio cha upinde kilichotoka porini kikaingia nyumba ya wafalme

KAMINA. Mjini hapa, mtu akitaja kupiga shabaha, mawazo ya wengi yanakwenda moja kwa moja Base. Wabelgiji waliijenga kambi ile baada ya Vita Kuu ya Pili vya Dunia, wakafundisha humo marubani na askari wa miavuli, na Novemba 1964 ndege zilizobeba wanajeshi kwenda Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, zilipitia hapo kwanza. Habari hizo zimeandikwa sana. Lakini Buluba ilijua kulenga shabaha karne nyingi kabla ya bunduki ya kwanza kufika, na chombo kimoja cha mlengaji kilipanda cheo hadi kikawekwa pamoja na vitu vitakatifu vya wafalme waliotangulia.

Chombo hicho ni kishikio cha upinde, kwa Kiluba nsakakabemba. Leo watu wa mbali wanakijua kama sanamu nzuri ya kuwekwa nyuma ya kioo. Tukianza na sanamu, hata hivyo, tutakosa maana yake.

Mtu anayepiga mishale peke yake ana shida moja kubwa: mikono miwili haimtoshi. Mmoja unashika upinde, wa pili unavuta uzi. Mishale mingine akae nayo wapi? Akiilaza chini inachafuka, inakanyagwa, inapotea kwenye majani. Uzi wa ngozi ukilowa umande unalegea, na upinde wenye uzi uliolegea haupeleki mshale mbali. Na mshale wa mwindaji mara nyingi ulikuwa na sumu. Si kitu cha kuacha ovyo pale ambapo mtoto anaweza kukishika. Mwindaji aliyefuatana na wenzake angeweza kumpa mmoja wao amshikie. Aliye peke yake alihitaji mkono wa tatu.

Mkono huo unapatikana katika mti wenye panda. Unatafuta tawi la mti mgumu lililogawanyika mahali pamoja, likatoa matawi matatu yaliyofunguka kama vidole. Unayapunguza yalingane, unaondoa ganda, unaliacha likauke kivulini ili lisipasuke. Chini unachonga ncha, au, kama unajuana na mhunzi, unavalisha mwiba wa chuma. Chuma kinafanya kazi mbili: kinaingia kwenye udongo mgumu wa kiangazi bila kuvunjika, na uzito wake ukiwa chini unakizuia kishikio kisianguke hata juu kukiwa na mzigo. Unakichomeka, unaegemeza upinde na mishale kati ya mapanda, mikono inakuwa huru. Ukimaliza unakichomoa, unakitia begani, unakwenda zako. Siri yake yote ni hapo: kinasimama popote, na hakibaki nyuma.

Kwa nini basi kifaa cha porini namna hiyo kikawa cha mfalme? Jibu liko katika masimulizi ambayo kila mtoto wa Buluba amesikia kipande chake. Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, alitawala kwa ukatili. Alikula mbele za watu na hakuwa na adabu za kifalme. Ndipo akaja Mbidi Kiluwe kutoka mashariki. Hakuja na jeshi. Alikuja kama mwindaji. Alikataa kula hadharani, na mwenendo wake ukawashangaza wote. Mtoto aliyezaa na dada yake Nkongolo, Kalala Ilunga, alikua hodari wa mchezo wa masoko na hodari wa vita. Nkongolo akamwonea wivu, akamchimbia shimo la mtego, lakini kijana akaonywa, akavuka mto akakimbilia kwa baba yake. Aliporudi na jeshi, utawala wa Nkongolo ukaisha.

Kwa hiyo ufalme wa Waluba unajihesabu kuwa mtoto wa mwindaji. Upinde uliingia katika alama za mfalme kwa sababu ya Mbidi, na kishikio kikaufuata upinde. Mafundi wakakichonga upya: mapanda matatu yakabaki juu, mwiba wa chuma ukabaki chini, lakini katikati akasimama mwanamke, mara nyingi mikono yake ikiwa kifuani, ngozi yake ikiwa na chale. Wageni wengi walidhani ni pambo tu. Katika Buluba mwili wa mwanamke ndio unaoaminiwa kutunza siri ya ufalme, na mfalme alipokufa, roho yake ilisemwa kukaa ndani ya mwanamke, mwadi, aliyeishi katika kijiji cha kifalme na kuheshimiwa kama marehemu mwenyewe. Upinde wa mwindaji, basi, ukakaa mikononi mwa mwanamke. Kishikio cha namna hii hakikuonyeshwa barabarani. Kilikaa ndani, na wachache tu walikiona.

Chuma nacho hakikuja kwa bahati. Katika bonde la Upemba, kule Sanga, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua makaburi ya kale mwishoni mwa miaka ya 1950, na Pierre de Maret akaendelea miaka ya 1970 huko huko na sehemu nyingine za bonde. Walipata kazi za wahunzi zenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, yakiwemo mashoka ya heshima ambayo hayakutengenezwa kwa kukata kuni.

Bunduki ilikuja na biashara. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Kilemba, kwa mfalme Kasongo Kalombo, mwaka 1874, alimkuta Juma Merikani, mfanyabiashara aliyekuja na misafara ya Waswahili, ambao wenyewe waliwaita Waluba “Warua”. Alikuwepo pia Alves, aliyekuja kutoka upande wa Angola. Pembe za ndovu na watumwa walitoka. Nguo, shanga na magobori yakaingia. Gobori halihitaji panda. Unaliegemeza ukutani, basi. Lakini hakuna gobori lililochukua nafasi ya upinde katika nyumba ya ufalme. Watu walipigana kwa kimoja na kutawazwa kwa kingine.

Baadaye ufalme uligawanyika kati ya Kabongo na Kasongo Niembo. Huyu wa pili aliupinga utawala wa Wabelgiji miaka mingi, hadi walipomkamata mwaka 1917. Mwaka 1928 reli kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, Ilebo ya sasa, na Kamina ikawa mji wa stesheni. Njia iliyoleta bidhaa ilipeleka na vitu vingine. Maofisa, wanunuzi na wamisionari walikusanya sanamu, viti, fimbo na vishikio vya upinde. Wengine walinunua, wengine walipewa na watu waliobatizwa, wengine walichukua tu. William Burton, mmisionari wa Kipentekoste aliyefika Mwanza mwaka 1915, alipiga picha, akaandika desturi, akatuma vitu Johannesburg na Tervuren, Ubelgiji. Ni ajabu kidogo: mtu aliyehubiri dhidi ya mizimu akawa mmoja wa wale walioandika kwa makini zaidi jinsi ilivyoheshimiwa.

Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha Kinshasa vitu 114 kutoka Tervuren, vya sehemu mbalimbali za nchi. Februari 2022 Waziri Mkuu Sama Lukonde alikabidhiwa orodha ya vitu 84,000 hivi vilivyobaki kule, na mwaka huo huo bunge la Ubelgiji likapitisha sheria ya kuruhusu vilivyochukuliwa kinyume cha haki virudi.

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa waliohama makwao. Vita vya Mai-Mai vilipochoma vijiji vya Mitwaba na Malemba-Nkulu, mwaka 2005 na 2006, familia zilikimbia na chungu, mkeka na mtoto mgongoni. Nyingine zilikwenda kuishi juu ya visiwa vya majani vinavyoelea katika ziwa Upemba. Wazee walikimbia nao, na wengine hawakurudi kijijini kwao tena. Katika makumbusho, kishikio cha upinde mara nyingi kimeandikwa neno moja, “Luba”. Jina la kijiji halipo, wala la ukoo uliokitunza, wala la mchongaji. Mzee anayeweza kusema kilikaa nyumba gani na kilitoka mikononi mwa nani, huenda leo anaishi kwa jamaa katika mtaa mmoja wa Kamina, au Lubumbashi, au Kolwezi, na hakuna aliyekwenda kumwuliza.