Picha ya Video Inapokatika: Kumbukumbu za Bunia na Namna ya Kuziokoa



Katika vitabu vya mila tumezoea kusoma juu ya ngoma, mahari, matanga na majina ya watoto. Leo tunaomba nafasi kwa jambo lingine ambalo nalo limekuwa mila: kupiga video. Hapa Bunia, ndoa isiyo na kamera inahesabiwa kuwa na upungufu. Hata kilio cha mzee mkubwa kinapigwa video, ili watoto walio Kampala, Kinshasa ama Ubelgiji wapate kuona nani alikuja na nani alisema nini. Video imekuwa sanduku la ukoo. Lakini kuna familia nyingi ambazo sanduku lao haliwezi tena kufunguka, na hawajui juu ya nini.

Kutoka kaseti mpaka telefoni

Kaseti ya VHS ilitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Nyuma yake zikaja kaseti ndogo za Video8, kisha MiniDV mwaka 1995. Kaseti ilikuwa na magonjwa yake: ukungu, vumbi, mkanda kukatika. Lakini ugonjwa wake ulionekana kwa macho, na fundi aliweza kuugusa kwa mkono.

Kisha vijana wa studio wakaanza kuhamisha picha kwenye VCD na DVD, baadaye kwenye ordinatere, ama kompyuta kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania. Mwisho telefoni zikajaa video. Hapo picha si mkanda tena, ni namba. Na namba hizo ni nyingi mno: dakika moja ya picha ya televisheni isiyobanwa inapita gigabaiti moja. CD nzima ya megabaiti 700 isingetosha hata dakika hiyo moja. Ila VCD inaingiza zaidi ya saa nzima, kwa sababu picha imebanwa.

Kanuni ya kubana na kubandua inaitwa kodeki. Inaandika picha moja kamili, halafu kwa zile zinazofuata inaandika tu kilichobadilika: mkono umeinuka, kichwa kimegeuka. Ndiyo sababu kosa dogo likiingia, picha inachafuka mpaka ifike picha kamili nyingine.

Watu wengi wanachanganya kodeki na jina la faili. AVI, MP4 na MKV ni kama magunia tu. Magunia mawili yanaweza kufanana kwa nje, kumbe moja lina muhogo na lingine lina maharagwe. Vilevile faili mbili za AVI zinaweza kuwa na kodeki mbili tofauti, moja ikacheza vizuri na nyingine ikakataa.

Kwa nini faili ya jana haifunguki leo

Wenye programu wanabadilisha mambo bila kutuuliza. Mwezi wa Desemba 2009, Microsoft ilizuia kodeki ya zamani iitwayo Indeo isifanye kazi katika Windows Media Player ya Windows XP, juu ya hatari za usalama. Mwaka 2016, Apple iliacha kutunza programu ya QuickTime ya Windows. Mwaka 2019, mfumo wake wa macOS Catalina uliacha programu za biti 32, na kodeki kadhaa za zamani zikaenda pamoja nazo.

Angalieni vizuri: katika mambo hayo yote, faili yenyewe haikubadilika hata namba moja. Kilichoondoka ni msomaji wake. Ni sawa na barua ya babu iliyoandikwa kwa lugha ambayo wajukuu hawaisikii tena. Barua ingali nzima. Lakini watu wanasema, "Hii faili imekufa," halafu wanaifuta ili wapate nafasi kwenye flashi. Hapo ndipo hasara ya kweli inapotokea.

Dalili na dawa

Kabla ya yote, tengeneza nakala na ufanye kazi kwenye nakala. Faili ya asili isiguswe hata kidogo.

Sauti inasikika lakini picha ni nyeusi, ama picha iko bila sauti. Mara nyingi kodeki inakosekana. Hili linapata sana video za telefoni za zamani za 3GP, ambazo sauti yake iliandikwa kwa kodeki ya AMR. Jaribu kwanza programu ya VLC. Ilianzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris, na tangu 2001 ni huru kwa watu wote. Inabeba kodeki zake ndani, haiombi ruhusa kwa Windows. Usiokote kodeki ovyo ovyo kwenye intaneti, maana virusi vingi vinapita njia hiyo.

Picha ina rangi ya kijani ama inavunjika vipande vipande. Icheze kwenye mashine mbili tofauti. Kama inaharibika kwenye sekunde ileile pande zote mbili, ubovu uko ndani ya faili. Kama inaharibika kwenye mashine moja tu, kosa ni la mashine. Mara nyingi, baada ya kusasisha programu, inatosha kuzima msaada wa kadi ya picha ndani ya mipangilio ya VLC.

Mistari kama meno ya kitana inaonekana mtu anapotembea. Huo si ubovu. Kamera za zamani ziliandika picha kwa mistari ya zamu mbili. VLC inaweza kuilainisha wakati wa kutazama, bila kubadilisha faili.

Faili haifunguki kabisa. Faili ya MP4 mara nyingi huandika orodha ya yaliyomo mwishoni. Umeme ukikatika ama betri ikiisha kabla kamera haijafunga kazi, orodha inakosekana ingawa picha ziko. Kuna programu za kuijenga upya, lakini zinahitaji faili nyingine nzima iliyopigwa na kamera ileile. Basi tunzeni hata zile video mnazoona hazina maana.

Ikilazimika kubadilisha faili, anza na kuhamisha gunia bila kugusa muhogo: programu ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, inaweza kunakili picha na sauti vilevile kwenye gunia jipya. Kubana upya kwa kodeki nyingine kuwe dawa ya mwisho, maana mara nyingi picha inapobanwa tena inapoteza kitu ambacho hakitarudi.

Jambo hili si dogo

Sisi watu wa Ituri tunajua uzito wa picha. Tarehe 12 Februari 2003 video ilipigwa katika kambi ya Rwampara, karibu na mji wetu. Ilikuja kuwa moja ya ushahidi katika kesi ya Thomas Lubanga kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye, iliyoanza 26 Januari 2009. Mashtaka yalikuwa juu ya watoto wa chini ya miaka 15 walioingizwa katika jeshi, wale tuliowaita kadogo. Majaji walitazama sura kwenye video, na walikubali tu zile ambazo bila shaka yoyote zilikuwa za watoto. Hukumu ilitoka 14 Machi 2012, na adhabu ya miaka 14 ikafuata mwezi wa Julai.

Hatuandiki haya ili kuamsha vidonda kati ya jamii zetu. Tunauliza swali moja: kama ile video ingekuwa imebanwa mara tano, kutoka telefoni hadi telefoni, nani angeweza kusema huyu ana miaka 12 ama 18? Ni hivyohivyo kwa mila. Vidole vya mzee anayepiga ala, majina ya mababu anayoyataja mbele ya kaburi, yote yanapotea kwanza kwenye picha iliyopunguzwa.

Kila familia inaweza kufanya haya: nakala mbili katika nyumba mbili, na ya tatu kwa ndugu wa mji mwingine, maana wengi wetu tumewahi kukimbia mikono mitupu. Kuzifungua zote mara moja kwa mwaka. Na wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Basi andikeni kwenye karatasi tarehe, mahali, majina ya wanaoonekana, kamera na kodeki iliyotumika. Wenye studio nao wasitupe ordinatere ya zamani ingali inawaka, hata kama haiingii intaneti. Inawezekana ndiyo pekee katika mtaa inayoweza bado kusoma ndoa ya wazazi wenu.